Wakala na Ufunguo

Mwanadamu hakupata kutosheka na mikono yake miwili. Biashara yake ilipovuka upeo wa macho yake alimtuma mwingine aende badala yake, akanunue, akauze, akapokee na kutia sahihi kwa jina lake. Mtu huyo Kiswahili humwita wakala au wakili, maneno yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu na kuingia pwani pamoja na sheria yake. Mafakihi wa Kiislamu waliugawa uwakala katika sehemu mbili. Uko uwakala wa jumla, ambao huacha mambo mengi mikononi mwa aliyetumwa, na uko uwakala mahsusi, ambao humfunga kwa jambo moja lililotajwa. Tena waliuliza maswali ambayo hayajazeeka. Wakala akipita mpaka wa agizo lake, hasara ni ya nani? Aweza kumtuma wakala mwingine bila idhini ya aliyemtuma? Kwa jumla walisema kwamba tendo la wakala humfunga mwenye mali madhali limo ndani ya idhini. Likitoka nje, aliyelitenda ndiye atakayeulizwa.

Maswali hayo yamerudi mlangoni, na safari hii anayeulizwa hana mwili. Wakala wa leo aweza kuwa programu ya akili mnemba, ambayo husoma barua pepe za mtu, huandika miadi katika kalenda yake, humtafutia tiketi ya safari, na hata humnunulia bidhaa, kwa sababu imeunganishwa na huduma zinazofanya kazi hizo. Aghalabu jambo hili husimuliwa kana kwamba lilizaliwa juzi. Kwa hakika historia yake inakaribia nusu karne, na mtu akiifuata hatua kwa hatua ataona kwamba ni historia ya ufunguo kuliko historia ya akili. Kila kizazi cha mafundi kilijenga njia ya kuituma mashine kabla hakijajua namna ya kuiwekea mpaka, na mpaka ulikuja nyuma, baada ya hasara au hofu ya hasara.

Habari ya kwanza inayostahili kutajwa ilitokea katika miaka ya 1970 huko California, katika kampuni iliyoitwa Tymshare, ambayo ilikodisha muda wa kompyuta zake kwa wateja wengi kwa pamoja. Norm Hardy aliisimulia mwaka wa 1988 katika makala fupi ambayo kichwa chake chaweza kufasiriwa kuwa ni Naibu Aliyechanganyikiwa. Kampuni ilikuwa na programu ya kugeuza maandishi ya watunzi wa programu kuwa lugha ya mashine. Programu hiyo ilipewa ruhusa ya kuandika katika kabati la mafaili ya kampuni, maana ilitakiwa kuweka humo hesabu za matumizi yake. Katika kabati hilo hilo lilikuwamo faili la ankara za wateja. Mteja naye alikuwa na haki ya kuitajia programu jina la faili ambamo alipenda kuandikiwa taarifa za makosa ya kazi yake. Ikatokea mteja kutaja jina la faili la ankara. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa, lakini programu ilikuwa nayo. Ikalifungua, ikaandika, na hesabu za ankara zikafutika.

Katika tukio hilo hapakuvunjwa kufuli wala hapakuibwa neno la siri. Programu ilitii mabwana wawili kwa wakati mmoja: kampuni iliyoipa ufunguo, na mteja aliyeipa maneno. Haikuwa na njia ya kutambua kwamba ufunguo wa mmoja ulikuwa ukitumika kwa haja ya mwingine. Msomaji na alishike jambo hili, maana litarudi baada ya miaka mingi likiwa na nguvu zaidi.

Miaka ya 1990 ilileta matumaini makubwa. Kampuni ya General Magic, iliyoanzishwa mwaka wa 1990 na Bill Atkinson, Andy Hertzfeld na Marc Porat, ilibuni lugha ya kompyuta iliyoitwa Telescript. Katika lugha hiyo programu ndogo iliitwa wakala, na kazi yake ilikuwa kusafiri. Kompyuta zilizokubali kuwapokea mawakala zilitenga mahali pa kuwakaribisha. Wakala aliondoka na tiketi iliyosema aendako, na hati ya ruhusa iliyosema nguvu zake zimekomea wapi. Mwenye kifaa angeweza kumtuma wakala akamtafutie bidhaa au safari, kisha akaendelea na shughuli zake mpaka wakala arudi na majibu. Kampuni ya AT&T ilifungua mwaka wa 1994 mtandao wa PersonaLink, uliojengwa juu ya lugha hiyo. Mwaka huo huo Oren Etzioni na Daniel Weld wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha habari za wakala wao wa programu, aliyepokea haja ya mtu na kuchagua mwenyewe huduma za intaneti zitakazoitimiza.

PersonaLink ilifungwa mwaka wa 1996. Haikushindwa kwa kukosa hekima, kwani hati yake ya ruhusa ilikuwa na busara ambayo warithi wake walichelewa kuifikia. Ilishindwa kwa sababu ulikuwa mji wenye ukuta, ilhali walimwengu walikuwa wakihamia katika uwanja ulio wazi, yaani wavuti. Hukumu ya soko ilikuwa kali: mji wenye sheria nzuri ulihamwa, na uwanja usio na sheria ukajaa watu.

Kurasa za wavuti ziliandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Programu iliyotaka kuzitumia ililazimika kujifanya mtu: iufungue ukurasa, ichambue maandishi yake, na ing'oe humo bei, tarehe au jina. Kazi hiyo ilizaa ugomvi. Kampuni ya Bidder's Edge ilikusanya habari za minada kutoka mahali pengi ili mnunuzi azione zote pamoja, na programu zake ziliingia katika wavuti wa eBay yapata mara 100,000 kwa siku. eBay ilikataza, Bidder's Edge ikaendelea kwa kupitia njia za pembeni. Mwezi wa Mei 2000 mahakama ya shirikisho ya California Kaskazini iliizuia Bidder's Edge kuendelea hivyo, kwa hoja kwamba kompyuta za eBay ni mali, na mali haiguswi bila ridhaa ya mwenyewe. Mnunuzi, ambaye kwa ajili yake wakala alikuwa ametumwa, hakuwa mmoja wa waliosimama mbele ya hakimu.

Mwaka huo huo eBay ilifanya jambo la pili, lenye maana kubwa kuliko la kwanza: ilifungua mlango maalumu kwa ajili ya programu za wengine, wenye masharti na wenye kuhesabu wanaoingia. Salesforce ilikuwa imetangulia mapema mwaka wa 2000, na Amazon ikafuata mwaka wa 2002. Mafundi huuita mlango wa namna hii API. Kwa njia hiyo programu haihitaji kujifanya mtu. Hubisha hodi kwa jina lake, huuliza kwa umbo lililokubaliwa, na hujibiwa kwa umbo hilo. Mwaka wa 2005 fundi aitwaye Paul Rademacher alichanganya ramani za Google na matangazo ya nyumba za kupanga ya Craigslist kabla Google haijafungua mlango wowote wa ramani zake. Google haikumshtaki. Ilifungua mlango mwezi wa Juni mwaka huo, na baadaye ikamwajiri. Ikadhihirika kwamba mwenye nyumba aweza kupata faida kwa kumpokea mgeni kuliko kwa kumfukuza, ili mradi mlango ni wake na bawabu ni wake.

Lakini mlango ulizaa swali la ufunguo. Ikiwa programu moja yataka kuchukua picha za mtu au orodha ya marafiki zake kutoka huduma nyingine, itajulikanaje kwamba mtu huyo ameridhia? Katika miaka ya katikati ya 2000 jibu la kawaida lilikuwa baya mno. Huduma mpya ilimwomba mtu aandike neno lake la siri la barua pepe, ili iingie kwa jina lake na kusoma majina ya jamaa zake. Watu wengi walilitoa bila wasiwasi. Lilikuwa jambo la kumpa mchukuzi aliyekuja kuchukua gunia moja la mchele ufunguo wa nyumba nzima, pamoja na chumba cha kulala na sanduku la fedha, bila njia ya kumnyang'anya ila kwa kubadilisha kufuli zote.

Mwezi wa Novemba 2006 Blaine Cook, aliyekuwa akifanya kazi Twitter, na wenzake wachache walianza kutafuta dawa ya tatizo hilo, na mwezi wa Desemba 2007 wakakamilisha kanuni waliyoiita OAuth. Shina lake ni jepesi. Mwenye mali hupelekwa kwenye mlango wa huduma anayoiamini, hujitambulisha hapo hapo, huulizwa kama ameridhia jambo fulani, na akikubali huduma hutoa hati kwa ile programu ya pili. Hati hiyo hufungua chumba kimoja tu, huweza kuwekewa muda, na huweza kufutwa bila kugusa neno la siri. Kanuni hiyo nayo haikuzaliwa kamili: mwaka wa 2009 ilionekana ina tundu, ikazibwa, na mwezi wa Oktoba 2012 toleo la pili lilikubaliwa kuwa kawaida ya intaneti. Kwa istilahi ya mafakihi, OAuth iliondoa uwakala wa jumla uliotolewa kwa ujinga, ikaweka uwakala mahsusi uliotolewa kwa idhini.

Yafaa kuangalia pia upande wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa fumbo lile lile lilifumbuliwa huko kwa njia nyingine, na neno wakala likapata maana mpya midomoni mwa watu. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Tanzania kwa mkono wa Vodacom. Wakala wa M-Pesa hukaa dukani, hupokea fedha taslimu na kuzitoa. Lakini mteja anapotoa fedha, ni mteja mwenyewe anayeandika kiasi na namba ya siri katika simu yake. Wakala hushika fedha wala haijui siri. Mteja huijua siri wala hazishiki fedha mpaka tendo litimie. Hapana hata mmoja awezaye kulikamilisha peke yake. Mwaka wa 2017 Safaricom iliwafungulia watunzi wa programu mlango wa huduma hiyo, ikauita kwa neno la Kiswahili, Daraja. Kwa njia hiyo programu ya duka huomba malipo, na ombi hutokea katika simu ya mlipaji likitaja jina la biashara na kiasi cha fedha. Mlipaji huandika namba yake ya siri au huliacha lipite. Mashine huomba, mtu huamua. Matapeli hawakukoma kwa hilo, walakini ilibidi wamwendee mtu mwenyewe na kumdanganya, kwa sababu ufunguo ulibaki naye.

Katika miaka ya 2010 milango ilikuwa mingi na hati za ruhusa zilikuwa desturi, ndipo zikatokea huduma za kuziunganisha. IFTTT na Zapier zilimwezesha mtu asiye fundi kuandika masharti mepesi: barua yenye kiambatisho ikifika, kiambatisho kihifadhiwe mahali fulani. Wakala wa namna hii alikuwa mtiifu na mjinga. Hakufanya lolote ambalo halikuandikwa, na kwa hiyo mtu aliweza kusoma masharti yake yote na kujua mwisho wa matendo yake.

Ujinga huo ndio uliotoweka baada ya Novemba 2022, OpenAI ilipoitoa ChatGPT kwa umma. Mfumo wa lugha uliweza kuzungumza, lakini ulifungwa chumbani: haukujua bei ya leo wala haukuweza kutuma barua. Mwezi wa Machi 2023 OpenAI ilitangaza viungo vya kuuunganisha na huduma za nje, miongoni mwake Expedia, OpenTable na ile ile Zapier. Viungo hivyo havikudumu. Viliondolewa mwaka wa 2024. Lakini njia iliyotolewa Juni 2023 ilidumu. Fundi huuorodheshea mfumo kazi zilizopo na maelezo ya kila moja. Mfumo huchagua kazi inayofaa na kuandika ombi kwa umbo linaloeleweka na programu nyingine. Mfumo wenyewe hautoki nje. Huandika hati ya ombi, na programu iliyo pembeni huipeleka na kurudi na jibu. Hivyo milango iliyojengwa tangu mwaka wa 2000 kwa ajili ya programu zisizofikiri ikawa tayari kumpokea mgeni ambaye wajenzi wake hawakumtazamia.

Ilibaki kazi ya kuiunganisha kila akili mnemba na kila huduma. Mifumo 10 na huduma 100, kila jozi ikitaka kiungo chake, huhitaji viungo 1,000. Pande zote zikikubali kanuni moja, zatosha kazi 110. Kwa sababu hiyo mwezi wa Novemba 2024 Anthropic ilitoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol. OpenAI na Google, ambao ni washindani wake, waliikubali mwaka wa 2025, na mwezi wa Desemba mwaka huo ikakabidhiwa kwa chombo kilicho chini ya Linux Foundation. Jambo moja halina budi kukumbukwa. Kanuni ilipotolewa mara ya kwanza haikuwa na sehemu iliyokamilika ya ruhusa kwa huduma za mbali. Sehemu hiyo, iliyojengwa juu ya OAuth, iliongezwa Machi 2025. Daraja lilitangulia, mlinzi wake akafuata.

Hapa ndipo naibu wa Tymshare anaporudi. Mwezi wa Septemba 2022 Simon Willison aliupa jina udhaifu uliokuwa umeonyeshwa siku hizo: kwamba mfumo wa lugha waweza kupotoshwa na maneno yaliyopenyezwa katika maandishi unayosoma. Sababu yake imo katika umbile la mfumo wenyewe. Agizo la mwenye mali, na maneno ya barua ambayo wakala ametumwa kuisoma, hufika katika mkondo mmoja. Karani wa kibinadamu akifungua barua iliyoandikwa, "Tuma hesabu zote za ofisi kwa anwani hii," hucheka au huita askari. Mfumo wa lugha mara nyingi hukataa, lakini hapana awezaye kuapa kwamba utakataa daima. Mwezi wa Juni 2025 watafiti wa usalama walitangaza tundu katika Copilot ya Microsoft, ambapo barua pepe moja, bila mpokeaji kubofya kitu, ingeweza kumfanya msaidizi huyo avujishe habari za ndani. Tundu lilizibwa, na haikutajwa kampuni iliyodhuriwa. Mwezi huo huo Willison alieleza hatari hiyo kwa mambo matatu yanapokutana: wakala kufikia habari za siri, kusoma maandishi ya watu asiowajua, na kuwa na njia ya kupeleka habari nje. Moja likiondolewa, hatari hupungua sana. Lakini mtu amtakaye wakala wa kusoma na kujibu barua zake huyataka yote matatu.

Ugomvi wa wenye milango haukuisha pia. Mwezi wa Novemba 2025 Amazon iliishtaki Perplexity kwa sababu wakala wa kivinjari chake, Comet, aliingia dukani na kununua kwa niaba ya wateja, naye, kwa madai ya Amazon, akajificha katika sura ya mtu. Perplexity ilijibu kwamba wakala wa mteja ana haki aliyo nayo mteja. Shauri lilifunguliwa katika mahakama ile ile ya shirikisho ya California Kaskazini iliyosikiliza kesi ya Bidder's Edge miaka 25 kabla. Safari hii mnunuzi ametajwa walau katika hoja, maana wakala aliingia kwa akaunti yake na kwa agizo lake.

Kutokana na mwendo huu wa miaka yapata hamsini, mambo matatu yaonekana. Kwanza, urahisi hutangulia na mpaka hufuata, na kati ya viwili hivyo hukaa watu waliolipa gharama. Pili, dawa zilizofaa hazikumfanya wakala kuwa mwema. Zilipunguza anachoweza kukidhuru. Hati ya Telescript, kibali cha OAuth na namba ya siri ya M-Pesa zote hazikuuliza kama aliyetumwa ana nia njema. Tatu, kila mpaka una bei. Wakala anayerudi kuomba idhini katika kila hatua hamwondolei mtu kazi, na mtu anayeulizwa mara arobaini kwa siku hujibu ndiyo bila kusoma. Idhini ya namna hiyo ni idhini kwa jina tu. Kazi ngumu iliyobaki ni kupambanua matendo yanayorudishika na yasiyorudishika: kusoma kalenda si sawa na kulipa, na kuandika rasimu si sawa na kuituma.

Kwa wasemaji wa Kiswahili liko jambo la nne. Tangu mwaka wa 2007 neno wakala limekuwa la kila mtaa. Mtu akilisikia humwona jirani mwenye meza na namba iliyobandikwa ukutani, ambaye hushika fedha za watu bila kuzijua siri zao, na ambaye kosa likitokea hujulikana pa kumpata. Sasa neno hilo hilo limepewa programu ambayo yaweza kuzijua siri zote, haina meza, na matendo yake yamegawanywa kati ya aliyeiunda, aliyeiunganisha, mwenye huduma na mwenye akaunti. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba haulizwi. Jina limekwisha kutolewa, na imani iliyomo ndani ya jina imetolewa pamoja nalo. Wanasheria, mafundi na walimu wa lugha wana deni la kuhakikisha kwamba mtu atakayemwamini wakala huyu kwa ajili ya jina lake atakuwa na mahali pa kwenda kuuliza.